Tulisimama Kumkumbuka Jaja

Waliokuwepo siku ile nawakumbuka wote. Majina yao ninayo, ya ubatizo na ya ukoo, hata la yule mpiga picha aliyekanyaga mkeka na viatu vyake. Lakini sitayaandika. Wengine bado wako kazini, wengine wamelala makaburini, na aliyelala hawezi kunijibu. Nitawataja kwa jinsi walivyohusiana tu, inatosha.

Kwenye hema la upande wa juu, lililopakana na baraza, alikaa Afande, mwenye nyumba, ambaye siku hiyo aliitwa baba wa binti. Kando yake mkewe, aliyeitwa mama wa binti. Nyuma yao alikaa shangazi yake Afande, mama mnene aliyetoka Masaka kwa basi la asubuhi, na binti alikuwa amemwona mara mbili tu tangu azaliwe. Kwenye hema la pili, karibu na lango, walikaa wageni waliokuja kujitambulisha kwa wazazi wa binti kabla ya ndoa: bwana harusi, baba yake, na baba yake mdogo, mtu mkubwa wa serikali, ambaye gari lake lilikuja na askari wawili. Nyuma yao vijana marafiki wa bwana harusi, karibu wote wamesoma na binti au na kaka za wasichana wenzake, wote wako maofisini. Hata kucheka walicheka namna moja, kama watu waliofundishwa kucheka na mwalimu mmoja. Katikati, juu ya mkeka, alipiga magoti binti mwenyewe. Na nyuma ya nyumba, kwenye moshi, tulikuwa wanawake saba wa kupika. Watano walikuwa wa pale pale Mbuya. Wa sita alikuwa jirani yangu wa Kamwokya, Mama wa Kikongo. Wa saba mimi.

Binti yule nilimlea mimi. Mama yake mzazi nilimzaa mimi. Pale nyumbani walilijua hilo Afande, mkewe, wanawe, binti na mimi. Na Mama wa Kikongo, maana huyo hafichwi kitu, tumekaa ukuta mmoja miaka mingi.

Mimi ni mtu wa upande wa Kenya, huko karibu na mpaka. Nilisoma mpaka darasa la tatu, nikaolewa na fundi wa reli, akanileta Kampala. Alikufa kabla vita havijaisha. Vita vilipoisha na wakubwa wapya wakaingia, nilikuwa na chumba kimoja Kamwokya na binti yangu mmoja. Huyo akazaa mtoto wa kike. Halafu akashikwa na ugonjwa ule uliokuwa unafagia nyumba nzima nzima wakati huo, akafa mtoto hajaanza kuongea vizuri. Baba wa mtoto sikumwona. Katika watu wote wa maisha yangu, lake ndilo jina ambalo sina.

Nilipata kazi ya kufua huko juu Mbuya, kwenye nyumba za maafisa. Nilipata kwa sababu ya mdomo. Kiganda kilinishinda, lakini Kiswahili nilikuwa nacho, na wanajeshi walikuwa wanasema Kiswahili. Watu wengi wa Kampala hawakukipenda. Kwao ilikuwa lugha ya mtu anayegonga mlango kwa kitako cha bunduki. Mimi ilinipa chakula. Afande alipenda kusimama karibu na beseni langu akitoka kazini na kuniuliza habari za Kenya, kama bei ya mahindi inamhusu.

Mtoto nilikwenda naye mgongoni, baadaye kwa miguu. Sabuni ya mche wakati huo walikuwa wanaikata na kuifunga kwenye kipande cha gazeti. Mtoto alikuwa anakusanya vile vipande, anavianika kwenye majani kando ya nguo, anavisoma. Siku moja Afande akamkuta anasoma kwa sauti habari za bunge, herufi zingine zimeliwa na povu.

"Huyu nani alifundisha yeye kusoma?"

"Sabuni, Afande."

Alicheka mpaka akashika nguzo ya kamba. Kuanzia hapo akawa anamletea magazeti makavu.

Yeye Afande alikuwa na wana watatu wa kiume na hata mmoja hakupenda daftari. Mkewe alikuwa mtu wa ukali, lakini si mbaya. Nasema hivyo sasa na nitasema hivyo mpaka mwisho. Alikuwa anamsuka mtoto nywele siku za Jumamosi, anamwambia, "Kaa chini, kichwa yako ni ngumu kama ya waziri."

Mtoto alipomaliza darasa la saba alipata alama nne. Asiyejua mitihani ya Uganda ajue hivi, kwamba huko alama chache ndizo bora, na chini ya nne hakuna. Nne ni kichwa cha mlima. Mwalimu wake wa Kamwokya alikuja mwenyewe mpaka mlangoni kwangu, jasho linamtoka, akasema mtoto huyu apelekwe ile shule ya wasichana ya kilimani.

Shule yenyewe siitaji, mwenye kujua anajua. Zamani walisoma hapo mabinti wa machifu. Halafu wakasoma mabinti wa mawaziri wa kwanza, halafu wa wale waliowafukuza, halafu wa wale waliowafukuza waliofukuza. Serikali ilipinduliwa mara ngapi, lakini shule ile haikupinduliwa hata siku moja. Kila aliyeikamata nchi alipeleka binti yake kulekule.

Nilikwenda mwenyewe kwanza, na barua ya mwenyekiti wa mtaa yenye muhuri, na karatasi ya alama nne nimeikunja kwenye leso. Mama wa ofisini alisoma vyote viwili. Akaniuliza baba wa mtoto. Nikasema hayupo. Akaniuliza ukoo. Nikamwambia ukoo wangu, wa Kenya. Akanirudishia karatasi kwa mikono miwili, kwa heshima kabisa, akasema kama Waganda wanavyomwambia mama wa heshima, "Pole, nyabo. Nafasi zimejaa."

Nilimweleza Afande nikiwa nakamua shuka. Alitazama bonde.

"Nafasi haijai, mama. Nafasi inangoja mtu wake. Weka jina langu."

"Jina lako vipi, Afande?"

"Andika mtoto ni wangu. Jeshi italipa, shule itapokea, mtoto atasoma. Nani ataumia?"

Na kweli, nilitafuta atakayeumia, sikumwona. Mwenyekiti wa mtaa wa huko juu aliandika barua nyingine. Wakampa mtoto jina la ukoo wa Afande, ndege ambaye watu wa ukoo huo hawamli akawa mwiko wake pia. Jina nililompa mimi, la mama yangu, likabaki Kamwokya.

Sasa nifike kwenye kosa langu. Watu wakisikia habari hii husema kosa ni la Afande, au la mkewe, au la shule. Hapana. Shule ilikuwa na siku ya kumwona mtoto na wazazi wake, kuwauliza maswali. Mimi niliogopa mtoto angeropoka. Kwa hiyo wiki nzima, mchana, tukichambua maharage mlangoni, nilimfundisha.

"Baba yako nani?"

"Afande."

"Sema jina lake lote."

Analisema.

"Jaja yako nani?" Jaja ndivyo Kampala wanavyomwita bibi mzaa mama au mzaa baba.

"Mama yake Afande. Yuko kijijini, miguu inamuuma."

"Na mimi?"

Hapo siku ya kwanza aliokota jiwe kwenye maharage, akalitupa mbali kuliko ilivyohitajika.

"Na mimi nani?"

"Wewe ni mama anayetufulia."

"Tena."

"Wewe ni mama anayetufulia."

Mpaka siku ya nne alikuwa analisema bila kuinua macho kwenye ungo. Mtoto wa alama nne, ukimfundisha kitu kinaingia, hakitoki.

Siku yenyewe tulikwenda na gari la Afande. Mimi nilikaa nyuma na kikapu cha chakula, maana safari haikosi chakula. Mwalimu mkuu alikuwa mwanamke mrefu mwenye miwani ya mnyororo. Aliongea na Afande, akaongea na mkewe, akamuuliza mtoto maswali ya Kizungu akajibiwa. Halafu akanitazama mimi niliyesimama mlangoni.

"Na yule?"

Mtoto hakugeuka hata kidogo. Alijibu kwa Kizungu, lakini nilielewa, maana sentensi ile niliitunga mimi. Mwalimu mkuu akatabasamu, akaandika.

Kwenye gari tukirudi, mtoto akaniinamia, akanishika goti.

"Jaja, nilisema vizuri?"

Na mimi, Mungu anisamehe, nikamwambia, "Ulisema vizuri kule. Hapa umekosea."

Akatoa mkono.

Siku za kutembelea wanafunzi nilikwenda nao kila mara, kama mtu wa kubeba vyungu. Ukitaka kuijua serikali, usiende bungeni, nenda siku ile. Ilikuwa imekaa nyasini inakula kuku. Magari yenye namba za serikali yamepangwa chini ya miti, madereva wanacheza karata, na wazee wenyewe, wale ambao redioni unasikia wanatukanana, wako kwenye mkeka mmoja wanapeana mapaja. Huyu anamwambia yule, mwanangu anamaliza mwaka huu, umwangalie. Yule anasema, na wangu utamwangalia mwakani. Mambo yakaisha, wakaomba maji ya kunawa. Nilikuwa mimi ninayewamwagia.

Mtoto wangu alipenda dagaa wakavu tangu utotoni. Mwaka wa kwanza nilimfungia kwenye jani la mgomba chini ya kikapu, akawala nyuma ya gari, anacheka, mafuta yanamshuka kidevuni. Mwaka wa pili aliniambia pole pole, "Watanuka bwenini." Mwaka wa tatu nilibeba tena, sijui kwa nini, nikarudi nao Kamwokya, Mama wa Kikongo akawala.

"Mtoto akikataa samaki mudogo," akasema akinyonya vidole, "ujue ameisha ona mukubwa."

Kiswahili nacho kilimtoka hivyo hivyo. Shuleni ilikuwa marufuku kusema chochote isipokuwa Kizungu; anayekamatwa alivikwa kibao shingoni mpaka akamate mwenzake. Yeye alivikwa mara moja tu, muhula wa kwanza, kwa kuhesabu sare zake kwa Kiswahili wakati wa kufua. Alinionyesha alama ya kamba. Baada ya hapo nilikuwa nikimsemesha, anajibu kwa kichwa. Likizo alikuwa anashuka Kamwokya siku mbili, halafu mchana mmoja, halafu anasimama mlangoni na begi mkononi.

Alipomaliza, magazeti yalitoa majina ya watakaolipiwa chuo kikuu na serikali. Sikungoja kipande cha sabuni, nilinunua gazeti zima. Nikapekua kurasa zile, majina madogo kama chawa, kichwa kikaniuma. Mama wa Kikongo akaja akakaa nami, kidole chake na changu, mstari kwa mstari. Sikuliona.

"Wewe unatafuta jina gani?" akaniuliza.

Nikamwambia.

"We mama! Huyo hayuko. Tafuta ya Afande."

Lilikuwa ukurasa wa kwanza kabisa, sheria. Waliomzunguka juu na chini, wengi nilikuwa nimeshawamwagia baba zao maji ya kunawa.

Alipomaliza sheria aliitwa kwenye ofisi moja kubwa ya serikali. Kabla hawajamchukua walikuja watu wawili wenye makoti kumpeleleza. Walikwenda kwa mwenyekiti, walikwenda kwa padri, na mwisho wakanikuta kwenye kamba ya nguo.

"Mama, unamfahamu binti wa hapa?"

"Namfahamu. Nimefua nepi zake."

"Ni mtoto wa nyumba hii?"

"Kwani mnaona nyumba nyingine?"

"Tunauliza ni Mganda kamili? Hana watu Kenya, hana watu Kongo?"

Nilikuwa na kibanio cha nguo mdomoni. Nilikitoa nikakibana kwenye kola ya shati la Afande, nikanyoosha mikono yake. "Mwenye watu Kenya ni mimi," nikasema. "Yule ni wa hapa."

Waliandika. Siku hiyo mimi ndiye niliyefanya mtihani, nikapasi. Na siku hiyo ndipo nilipoelewa tulikuwa tumefanya nini. Mpaka hapo nilidhani tumeazima jina, kama unavyoazima sufuria ya arusi, ukimaliza unaiosha unarudisha. Sasa maneno yalikuwa kwenye faili. Mtu akija kusema jaja wa huyu anakaa Kamwokya, si mimi nitakayeulizwa. Ni yeye atakayeulizwa kwa nini alidanganya serikali, yeye mwanasheria wake.

Basi nikashika adabu yangu. Nilifua mpaka vidole vikapinda, nikaacha, nikakaa chumbani kwangu nauza vitumbua asubuhi.

Majuma mawili kabla ya sherehe alikuja. Hatukuwa tumeonana mwaka mzima na zaidi. Alikaa kwenye kitanda changu maana kiti ni kimoja, akavua viatu, akakunja miguu kama zamani. Alinena Kiswahili, kibovu, cha kuchechemea, lakini Kiswahili.

"Jaja, siku hiyo wageni wataleta gomesi ya jaja. Ni desturi. Msemaji wao ataita, jaja atoke apokee. Utatoka wewe."

"Na faili?"

"Faili ni karatasi."

"Na baba mdogo wa huyo mume wako?"

"Nimechoka, jaja." Akaegemea ukuta, ule tunaochangia na Mama wa Kikongo. "Nimeshamwambia mama. Utatoka, mimi nitasema huyu ndiye aliyenilea. Basi. Hata wakinifukuza, nitakuwa nimesema."

Sikuamini, na niliamini. Aliniachia gomesi ya kuvaa siku hiyo, lile gauni refu la heshima la Kiganda, rangi ya zambarau, na mshipi wake. Alipoondoka, ukuta ukaongea: "Nimesikia yote! Nitakuja kukufunga mushipi mimi mwenyewe!"

Ndivyo nilivyofika kwenye moshi ule wa Mbuya, nimevaa gomesi ya zambarau na juu yake leso mbili za kuzuia masizi. Ningeweza kukaa hemani tangu mwanzo? Ningekaa kama nani? Niliona nijiweke jikoni, nipike chakula cha mtoto wangu, nikiitwa nivue leso nitoke. Wanawake wale watano walinicheka. "Nyabo, leo umekuja kuolewa au kumenya matoke?"

"Vyote viwili," nikasema.

Mke wa Afande alikuja jikoni kabla wageni hawajaingia. Alikuwa amezeeka naye, amepakwa poda mpaka shingoni. Alinitazama gomesi, akanivuta kando kwenye rundo la majani ya mgomba.

"Mama, najua amekuambia nini. Na mimi sikatai. Lakini sikiliza. Yule baba mdogo, ofisi ya binti iko chini yake. Akisikia leo, kesho ataomba karatasi. Karatasi inasema kitu moja, mdomo unasema kitu ingine. Nani atafukuzwa? Wewe? Mimi? Na ndoa itabaki?"

"Amesema yeye mwenyewe atasema."

"Ni mtoto. Moyo wake imejaa leo. Kesho itapungua, na kazi imeenda." Akanishika kiganja, kidole chake kikapita juu ya mafundo ya vidole vyangu. "Sisi wawili tumemfikisha hapa. Sitaki tumwangushe mlangoni."

"Akiniita nitatoka," nikasema. "Asiponiita sitatoka."

"Sawa," akasema. "Ngoja basi."

Nilirudi kwenye chungu. Nilisikia kila kitu, maana walikuwa na vipaza sauti. Walisalimiana, walitaniana, msemaji wa wageni akajifanya amepotea njia, msemaji wa nyumbani akamtoza faini ya vicheko. Shangazi akamtafuta bwana harusi kati ya vijana, akamshika. Vikapu vikaingia. Kaka wa binti akapewa jogoo wake. Ikaja gomesi ya mama, watu wakapiga vigelegele. Nikavua leso ya kwanza.

Msemaji wa wageni akasema kwa Kiganda, nami hicho nilikielewa: "Tumeleta na gomesi ya jaja. Binti mwenye adabu hivi hakujilea. Jaja yuko wapi, tumwone?"

Nikavua leso ya pili. Nikatembea mpaka kwenye kona ya nyumba, pale bomba la maji ya mvua linaposhuka. Kutoka hapo niliuona mkeka. Kisu cha ndizi nilikuwa bado nacho mkononi, nikakificha nyuma.

Binti alikuwa amepiga magoti, amenipa ubavu. Nilimwona anavuta pumzi. Mabega ya gomesi yalipanda. Afande alikuwa anatazama ncha za viatu vyake. Msemaji wetu akamwangalia mke wa Afande, na mke wa Afande akamwangalia binti, akangoja. Hilo namshukuru. Alingoja kwa kweli. Hema zima lilingoja. Yule mtu mkubwa wa serikali aligeuza shingo pole pole kutafuta jaja yuko wapi, na macho yake yakapita juu yangu kama yanavyopita juu ya bomba.

Mabega ya binti yakashuka. Hakugeuka.

Mke wa Afande akamwinamia msemaji. Msemaji akasafisha koo. "Wageni wetu, kwa masikitiko makubwa, jaja wa binti yetu alitangulia mbele za Mungu. Naomba tusimame dakika moja tumkumbuke."

Wakasimama wote. Viti vilikwaruza. Yule mkubwa akavua kofia, na askari wake langoni wakaweka miguu pamoja. Afande akasimama. Binti hakuhitaji kusimama, alikuwa amepiga magoti, aliinamisha kichwa. Nyuma yangu wanawake watano walisimama na visu vyao. Mama wa Kikongo peke yake alibaki amekaa juu ya rundo la matoke, miguu ameitanua.

"Miye sisimami," akasema. "Ulikufa lini, jirani? Asubuhi umekunywa kahawa yangu."

"Simama, watatuona."

"Bawaone!"

"Simama, nakuomba. Kwa ajili ya mtoto."

Akasimama, analia, ananitukana kwa Kikongo. Na mimi nilikuwa nimeshasimama. Nikaweka mikono mbele, nikainamisha kichwa kama wengine. Dakika moja ni ndefu. Nilifikiria chungu kitaungua. Nilifikiria yule mama yake Afande wa kijijini, mwenye miguu inayouma, ambaye kweli alikuwa amekufa miaka mingi, na yeye ndiye aliyekuwa jaja kwenye karatasi. Kwa hiyo msemaji hakusema uongo. Nilifikiria maharage. Nilimuuliza mtoto kimoyomoyo, na mimi nani? Akajibu sawasawa.

Halafu wakaketi, na yule shangazi wa Masaka akaitwa apokee ile gomesi, ya kijani, kwa niaba ya marehemu. Alicheza nayo mkononi. Alicheza vizuri. Mimi nilirudi kupakua chakula, na nilikipakua chote, hakikuungua.

Tangu siku hiyo binti hajaja kwangu. Krismasi huja dereva, analeta sukari na sabuni, sabuni ya maboksi siku hizi, haina gazeti. Dereva ni kijana mpole. Mara ya kwanza aliniuliza, "Jaja, wewe ni nani wake madam?"

"Nilikuwa nafua kwao."

"Basi ulikuwa unafua vizuri sana, maana hakusahau."

Ana mtoto wa kike sasa, huyo madam. Nasikia jina la mtoto lilipelekwa shule ya kilimani kabla hajaota meno. Kwake nafasi hazitajaa.

Na mwaka jana mjukuu wa Mama wa Kikongo alipata alama tano, akaja kukaa mlangoni kwangu na karatasi yake, akaniuliza, "Jaja, niende kwa nani?" Nilitaka nimwambie aende na karatasi tu. Nilifungua mdomo. Halafu nikamwona yule mama wa ofisini akimrudishia kwa mikono miwili. Nikamwambia, "Tafuta mtu mkubwa akuite mtoto wake." Bibi yake alikuwa upande wa pili wa ukuta, anasikia. Siku hiyo ukuta haukuongea.

Nimeandika kama ninavyokumbuka, na kukumbuka ndiyo kazi pekee ambayo vidole vyangu havikuiharibu. Lakini nilikuwa mbali kidogo, na moshi ulikuwa unaingia machoni. Kama wewe msomaji ulikuwa hemani siku ile, upande wowote, na ukaona nimekosea mahali, nisahihishe. Kama gomesi ya marehemu haikuwa ya kijani, sema. Kama dakika haikutimia, sema. Na hasa wale mliokaa mbele, karibu na mkeka: mimi nimeandika kwamba binti hakugeuka. Kama aligeuka, hata kidogo, hata macho tu, kuelekea lile bomba la maji, njooni Kamwokya mniambie kwamba nimesahau.